Farasi Ana Tarehe, Mke Wangu Hana

Kitanga, Kasulu

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa msikilizaji asiyekosa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, mimi na mke wangu Dorcas Ndayikunda tunakaa kusikiliza kipindi chako cha redio, "Siku Kama ya Leo Michezoni": nani alizaliwa, nani alivunja rekodi. Kwa unyenyekevu mkubwa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Jumanne mlitangaza kuzaliwa kwa wanasoka watatu, bondia mmoja na farasi wa mashindano. Sina ugomvi na farasi. Nauliza tu, ni nani aliyekuwa zizini na kalenda?

2. Agosti iliyopita mimi na Dorcas tulikwenda Kasulu mjini kuuza ndizi kwenye mashindano ya riadha. Mkimbiaji wa Kitanga wa mita elfu tano akashikwa na tumbo. Mwalimu Fidele, msimamizi wa timu yetu, akawa anazunguka uwanja akiomba mwanamke yeyote mwenye miguu. Dorcas akaniachia beseni, akakaza kitenge, akakimbia pekupeku. Mzunguko wa mwisho aliwapita wawili kwa mpigo, kisha akamfikia wa mbele kabisa kwenye kona na kumpita. Nilirukaruka mpaka nikazikanyaga ndizi. Akashinda.

3. Kwenye meza ya matokeo, karani alitazama kitambulisho chake akacheka. "Mama, wewe ni wa kumi na moja leo kuzaliwa Januari mosi. Nataka tarehe ya kweli, pamoja na mwaka."

Dorcas alinigeukia, kisha akainamisha kichwa. "Nilizaliwa wakati wa kupalilia maharage."

"Maharage si tarehe," karani akasema, akamkata jina kwa rula. Medali ikaenda kwa wa pili, binti wa Kibondo.

4. Hiyo Januari mosi yenyewe mlimtangaza mtu mmoja tu, wa Ulaya. Kitanga peke yake tuko mamia, tuliozaliwa wote siku hiyo kwa kalamu ya mwandikishaji wa vitambulisho. Mimi na mama yangu tumepishana miaka, siku hatukupishana.

Kwa hiyo naomba Dorcas apewe siku. Kama zote zimejaa, wapo wenye siku ya kuzaliwa na siku ya rekodi juu yake. Mwenye mbili ampe asiye nayo, kama Maandiko yasemavyo kuhusu kanzu. Farasi aulizwe kwanza. Ikishindikana, basi kuanzia Jumatatu wachezaji wote wa dunia watangazwe kwa maharage, mahindi au mihogo, tuwe sawa.

Wasalimie watangazaji wote, fundi mitambo, na yule dada wa hali ya hewa, ingawa mvua yake haijatufikia.

Wako katika michezo,
Kipriani Manirambona

Nyongeza: Nimemsomea Dorcas barua hii nikitegemea shukrani. Amefungua sanduku, akanipa cheti chake cha ubatizo. Siku ipo, mwezi upo, mwaka upo. Kumbe pale mezani aliijua vizuri. Ila mimi nilikuwa nimesimama begani kwake, na tangu tuoane ananiambia namzidi miaka miwili. Ananizidi sita. Tafadhali usiisome barua hii hewani. Medali abaki nayo binti wa Kibondo. Mke wangu aliiacha ili mimi niendelee kuwa mkubwa nyumbani.