Vibarua Waliomo Ndani ya Jani

Jumatatu, 5 Septemba
Mvua. Mto Kapuas umefurika. Haji Jamhur, mwenye banda hili la kukaushia majani ya purik, yale machungu yanayofukuza usingizi, ametangaza: mimi au kijana mwenzangu Suhadi, mwenye majani machungu zaidi ndiye atakayesindikiza mzigo hadi bandari ya Pontianak. Pontianak kuna meli ya kwenda kwetu, kisiwa cha Lombok. Mjukuu wangu wa kwanza hajanyolewa, ananisubiri mimi babu yake, ndiyo desturi. Mke wangu kapiga simu: nywele zimefika machoni, majirani wanadhani ni msichana. Lazima niende. Suhadi anataka kwenda kununua viatu.

Jumanne, 6
Amefika mtafiti, mama tunayemwita Ibu Wening, na mashine ya kupimia uchungu. Nikamuuliza uchungu unatoka wapi. Akasema ndani ya jani mna vimeng'enya. Kila kimoja kina kishimo chenye umbo lake. Kipande cha utomvu kinaingia humo, kinageuzwa, kinapelekwa kwa kimeng'enya kingine, mpaka kinatoka kichungu. Kumbe ni vibarua, nikasema. Akacheka, akasema unaweza kuwaita hivyo. Hata jani likishachumwa bado wanaendelea kwa muda. Nikauliza, je, moto? Akasema moto unawakunja, vishimo vinaharibika, kazi basi.
Niliishia darasa la tano, lakini hapo nimeelewa kila kitu.

Jumatano, 7
Kibarua asipolishwa hafanyi kazi. Hilo nalijua kuliko mtafiti. Nimeyanyunyizia majani yangu maji ya sukari, nikayafunika gunia wapumzike. Suhadi akaniuliza, "Pak, mzee wangu, unapika biskuti?" Kijana hana adabu.
Alipokwenda kuoga mtoni, nikakiweka kikapu chake cha majani juu ya sufuria ambayo Rusli mpishi anapikia wali kwa mvuke. Kitambo kidogo tu. Vibarua wake wote, kwisha. Nikakirudisha mahali pake, nikavuta sigara.

Alhamisi, 8
Wali wa jana ulikuwa mchungu kama shubiri. Banda zima halikupata usingizi. Rusli kasugua sufuria mara mbili, ananitazama vibaya. Nimesema huenda ni mchele wa msimu huu.

Jumamosi, 10
Siku ya mashine. Majani yangu meusi, yananuka pombe, yamejaa sisimizi. Ya Suhadi kijani kibichi, na machungu kupita yote aliyowahi kupima Ibu Wening. Akaeleza kwamba ndani ya jani wamo wanaotengeneza uchungu na wamo wanaouharibu baada ya kuchuma. Mvuke umewazima waharibifu mapema. Akauliza nani kabuni jambo zuri namna hii.
Suhadi akasema, "Mimi."
Sikuweza kuvumilia. Nikasimama, nikasema mwongo huyo, niliyeyapika ni mimi, kwa mikono yangu, juu ya sufuria ya Rusli.
Halafu Rusli akasema, "Kumbe mchele wa msimu huu."
Haji kaamua: Suhadi anapanda boti. Mimi kuanzia sasa nitapika majani yote ya banda, kwa kuwa ni fundi.

Jumapili, 11
Boti imeondoka. Mke wangu anasema mtoto kafungwa utepe nywelini.
Haji ametangaza safari ya pili, sharti lilelile, mimi au Rusli. Nimemuuliza Ibu Wening kuhusu baridi. Anasema baridi haiwaui vibarua, inawafanya wazembe tu. Nimesikia ya kutosha; alipofika kwa wale waharibifu, sikungoja amalize. Kikapu cha majani cha Rusli kimo ndani ya sanduku lake la barafu. Samaki wake waliokuwemo nimewaanika juani kwa muda.