Nyasi za Milia na Kibao cha Getini

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimepata silaha! Shemeji yangu, dada wa mke wangu, yule muuguzi anayejua kila kitu, ametuletea shina la nyasi za milia. Kila jani lina mstari mweupe na mstari wa kijani, utadhani limepigwa rula. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mng'oa Meno naye hajawahi, na hilo ndilo muhimu.

Mng'oa Meno ni jirani wa kushoto, daktari wa meno mstaafu. Miaka mitatu mfululizo kibao cha Bustani Bora ya Mtaa kimefungwa kwa skrubu kwenye geti lake. Kila asubuhi anakifuta vumbi kwa leso. Polepole! Mimi nakuwa dirishani, kwenye meza yangu ya kutengenezea saa, na hakuna pengine pa kutazama.

Mke wangu kasema mwaka huu ndio wa mwisho. Kanikumbusha yale mawaridi niliyoyamwagia maji ya moto ili yachanue haraka. Kanikumbusha bwawa la samaki lililohamia sebuleni. Nikikosa kibao safari hii, kipande cha mbele kinakuwa chake, apande mboga. Nimekubali. Tena nimeandika mkataba, tumetia sahihi wote wawili: "Nyumba hii isipopata kibao, bustani ni ya mke." Mimi ni fundi saa, sifanyi mambo ya kubahatisha.

Shemeji kaacha masharti. Nyasi hizi hazitaki mbolea. Mizizi yake inatambaa, kwa hiyo zipandwe ndani ya chombo kilichotolewa kitako. Na kila chipukizi litakalotoka kijani kitupu ling'olewe hapo hapo, la sivyo litawameza wenzake. Nimemshukuru sana. Wauguzi wanadhani dunia nzima iko wodini.

Jumapili, 4 Mei

Nimepanda mbele, karibu na geti, bila chombo chochote. Askari hafungiwi kwenye beseni. Nimezipa magunia matatu ya mbolea ya kuku.

Mng'oa Meno kapita ameziba pua kwa ile ile leso ya kufutia kibao. Ushindi wa kwanza!

Jumatatu, 12 Mei

Zimeota! Nimevaa lenzi yangu ya jichoni, nikalala kifudifudi, nikakagua chipukizi moja moja. Yapo ya aina mbili. Ya kijani, manene, yana afya. Na ya milia, membamba, yamepauka, hata kusimama yanasitasita.

Ni wazi kwamba shemeji kachanganya mambo. Weupe ule ni upungufu wa damu! Muuguzi mzima! Kwenye saa, gurudumu bovu unalitoa kabla halijavuta wenzake. Nimetwaa kibano nikayang'oa yote yenye milia. Nimebakiza mawili tu, ya kuwafundisha wengine mtindo.

Wagonjwa nimewatupa nyuma ya jikoni, karibu na bomba la kufulia. Mke wangu kauliza kwa nini natupa yale yaliyo mazuri. Nikamweleza sheria za maumbile kwa kirefu. Akasema haya. Nimeishi naye miaka thelathini na moja na "haya" zake nazijua, nyingine nzito, nyingine nyepesi. Hii ilikuwa nyepesi.

Ijumaa, 23 Mei

Nyasi zimefika magotini. Nene, zimeshonana, zinang'aa. Za kijani. Zote! Hata wale walimu wawili wamemezwa.

Saa nne asubuhi mtu mwenye toroli na mundu kasimama getini. Kanisalimia kwa adabu, kauliza kama naweza kumruhusu akate kidogo, ana ng'ombe wawili nyumbani. Mng'oa Meno alikuwa anapunguza ukoka wake kwa mkasi. Kacheka mpaka kashika nguzo. Kasema nisihuzunike, nikikosa kibao nitapata maziwa.

Nimekaa mezani mchana kutwa bila kufungua hata saa moja. Nimevua ya kwangu mkononi, nikaiweka chini. Na hapo nikaona! Mkono wangu! Mahali pa mkanda wa saa ngozi imepauka, pembeni imeiva kwa jua. Mstari! Milia haitoki kwenye mbegu wala kwenye mizizi. Milia inaandikwa na jua! Na shemeji ua wa nyumba yake ni wa nini? Wa mbao! Mbao, nafasi, mbao, nafasi. Kivuli, jua, kivuli, jua. Ameishi nayo miaka yote hajagundua.

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuchungulia.

Jumapili, 1 Juni

Kazi inaendelea. Chaga zote za kitanda ziko juu ya nyasi, nimezipanga kwa nafasi sawa. Jua haliko tayari kusimama, kwa hiyo nazisogeza kila dakika kumi na tano, kengele ya saa ya mezani ikilia. Mwenye saa ya ukutani ya shule kaja mara ya tatu kuifuata. Nimemwambia sayansi ina foleni yake.

Godoro liko sakafuni. Mke wangu anasema mgongo unamuuma. Nimemwambia wangu pia unauma, tofauti ni kwamba wangu unauma kwa ajili ya taifa la nyumba hii. Kasema haya, kachukua ndoo yake, kaenda nyuma. Siku hizi anakaa sana kule nyuma. Nadhani anaomboleza zile mboga zake ambazo hatazipanda. Maskini, nampenda, lakini mkataba ni mkataba.

Leo jioni nimeona mlia mmoja mweupe! Nimeushika kwa kibano. Ulikuwa uzi wa mkono wa shati langu. Lakini dalili ni njema.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaeleza kwa mpangilio.

Waamuzi watatu wa Bustani Bora wamekuja asubuhi. Mbele Mama Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, na daftari lake. Nyuma yake mfamasia na fundi cherehani. Wameanza kwa Mng'oa Meno, wametoka huko wanatabasamu. Wakaja kwangu. Nilikuwa nimeondoa chaga alfajiri na kuvaa koti.

Mama Mwenyekiti kaangalia muda mrefu. Kauliza bustani iko wapi. Nikamwambia anaiangalia. Kauliza na zile nyasi za milia nilizomtangazia kila mteja wa saa ziko wapi. Nikasema milia iko njiani. Akaandika neno moja, fupi. Mfamasia kasogea aone vizuri, mguu ukazama kwenye mbolea mpaka kifundoni.

 Niliona mboga zikiota pale. Nilijiona nimekaa dirishani maisha yangu yote yaliyobaki, natazama leso ikipanda na kushuka. Mimi ambaye natia uhai kwenye saa za watu, nimeshindwa na majani! Machozi yalinilenga. Nilisingizia mbolea ya kuku.

Mfamasia akaomba maji ya kuosha kiatu. Nikamwelekeza kwenye bomba la nyuma. Hakurudi. Mara tukasikia anaita kwa sauti, jamani njooni huku muone! Tukakimbia wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Kuzunguka bomba lile, kwenye changarawe, pamejaa nyasi za milia! Nyeupe na kijani, kila jani limenyooka, zimeinama kidogo kwa upepo. Zimetoka ndani ya lile karai letu bovu lisilo na kitako, limezikwa mpaka ukingoni. Pembeni vyungu vilivyopasuka vimepangwa kwa safu, kila kimoja na kichaka chake. Wagonjwa wangu! Wale wale wenye upungufu wa damu!

Mke wangu alikuwa anaanika shuka. Kafuta mikono, kawaeleza waamuzi kwamba aliona huruma kuzitupa. Akazipanda, na kila asubuhi anang'oa za kijani kitupu kama dada yake alivyosema. Basi. Akarudi kwenye shuka zake. Fundi cherehani kapiga magoti kabisa kuangalia mistari. Kasema yeye na mashine yake hawajawahi kunyoosha hivyo.

Jumapili, 8 Juni

KIBAO NI CHETU!

Kimetangazwa mbele ya mtaa mzima. Mng'oa Meno ilibidi akifungue mwenyewe kwenye geti lake, na kwa kuwa hakuwa na bisibisi, nimemwazima ya kwangu, ile ndogo kuliko zote, ya skrubu za saa za kike. Imemchukua dakika arobaini. Nilizihesabu kwa furaha.

Kwenye kibao, sehemu ya chini, limeandikwa jina la mke wangu. Mama Mwenyekiti kamwita aseme lolote. Kasimama na kanga yake ya kila siku, kasema, "Nyasi zilipandwa na mume wangu, mimi nilizimwagilia tu."

 Angeweza kusema yote, na mtaa ungecheka mwaka mzima. Nilimwangalia yule mwanamke, nikasahau hata kumwangalia Mng'oa Meno. Kisha watu wakapiga makofi nami nikainamisha kichwa mara tatu, maana makofi hayaachwi bila mtu wa kuyapokea.

Nyumbani nimetoa mkataba. "Nyumba hii isipopata kibao." Nyumba imepata! Bustani inabaki yangu! Mke wangu kausoma, kacheka mpaka kakaa kwenye ngazi. Kasema sawa, ibaki yangu, ila nimwapie mambo mawili. Chaga zirudi kitandani leo. Na kule nyuma nisiguse jani, hata kwa kidole. Nimeapa, mkono juu ya kibao.

Jumanne, 10 Juni

Mke wangu kaenda kwa dada yake kumpa habari. Anarudi kesho.

Wateja wanamiminika. Nimewaeleza mbinu yangu: wale dhaifu unawafukuza, wanaingiwa na aibu, wanajituma. Ukiona vyaelea, vimeundwa! Mng'oa Meno kaja mwenyewe, kofia mkononi, kaomba shina moja. Nimempa kwa moyo mweupe, kutoka bustani ya mbele. Nimemshauri asilinyime mbolea ya kuku.

Mchana nimeenda nyuma kuangalia tu. Kuangalia hakukatazwi. Roho iliniuma! Zimesimama kwenye changarawe, zinakunywa maji ya sabuni, zimebanwa na karai kiunoni. Zimetuletea kibao halafu hakuna hata mmoja aliyezipa chakula!

Niliapa kutogusa jani. Sijagusa. Mbolea inagusa mizizi. Kulikuwa na gunia moja zima limebaki, nimelimwaga lote. Karai nimeling'oa zipumue. Na kwa jua kali la alasiri nimeazima chaga, za upande wangu tu wa kitanda.

Mke wangu akirudi kesho atashangaa.