Malalamiko Juu ya Kidonge Kinachoyeyuka Vizuri

Migori,
Agosti 1996

Kwa Daktari Ombui,
Maabara ya Dawa, Nairobi

Shemeji,

Natumaini u mzima na chupa zako ni nzima. Kama mwandishi wa habari nimezoea kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuandika. Safari hii nimesikiliza tumbo langu peke yake, nalo lina haya:

1. Kidonge chako cha kwanza cha kutibu choa hiki cha ngozi kilikataa maji. Nilikitumbukiza katika gilasi asubuhi, na jioni kilikuwa kimelala chini kama kokoto la machimbo ya Masara. Kwa hiyo Sista Mokeira, anayetugawia dawa yenu ya majaribio pale zahanati, aliagiza nikimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Dada yako Filister hapingani na sista. Sisi tuliozoea mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki, kwa kuwa minofu yote hupanda ndege kwenda Ulaya, tukaanza kuona tumbo nono la samaki mbuta wa ziwani Karungu, limekaangwa, kila nimezapo dawa. Hayo ndiyo matibabu.

2. Kisha ukabuni kiungo chako cha kuyeyusha. Ulitueleza mwenyewe wakati wa Pasaka: vikombe vidogo visivyoonekana, kila kimoja kinaificha dawa ndani, na kwa nje kinapatana na maji. Nilipiga makofi. Filister aliuliza jambo moja tu, kama mafuta bado yanahitajika. Nawe, bila kunitazama, ukasema, "Hapana dada, maji yanatosha."

3. Maji yametosha tangu siku hiyo. Jirani yetu Ryoba, ambaye hana choa lakini alikuwa akija kunifariji saa ya dawa, sasa hanifariji. Mellen anayeuza samaki sokoni ameuliza kama nilizikwa kwetu Kuria au hapa mjini.

4. Tazama mbele, shemeji. Leo ni choa. Kesho mtayeyusha dawa ya minyoo, keshokutwa ya malaria, na mgonjwa wa nchi hii atakosa sababu yoyote ya kula vizuri. Watu wataona kuugua ni hasara.

Naomba basi, kwa heshima, uvitoe hivyo vikombe, au utengeneze vingine vinavyokubali mbuta peke yake.

Wasalimie mkeo, watoto, na wote wa maabara pamoja na panya wao.

Ni mimi mkwe wenu mwenye njaa,
Mwikwabe

N.B. Filister ameisoma barua hii kabla sijabandika stempu. Anasema mbuta angenikaangia siku yoyote; aliacha kwa kunihurumia, maana nilikuwa nikimla kwa kukunja uso. Nilikunja uso ili nifanane na mgonjwa. Sasa yuko jikoni, anakaanga. Choa nacho kimepona. Vikombe viache.