Rorry Ni Neno, Bwana Mhariri

Kwa Bwana Mhariri wa Gazeti,

Habari ya kazi, na habari ya nyumbani kwako. Sisi hapa Kanduyi tuko, mvua imeanza, ila nyanya zimeota madoa. Najua gazeti lenu ni la Kiingereza na mimi naandika Kiswahili. Kikikushinda, muite askari wa langoni akusomee.

Naleta malalamiko juu ya ule mchezo wenu wa ukurasa wa nyuma, mahali mnatoa herufi halafu watu wazima wanahangaika kutafuta neno la Kiingereza lenye hizo herufi. Naomba muufunge. Sababu zangu ni hizi:

1. Umemaliza salamu. Binti yangu Mary Ann anafanya kazi Kitale, kwa duka la dawa za mifugo, na anaishi peke yake. Zamani alikuwa anapiga simu Jumapili, anauliza mgongo wangu, anauliza ng'ombe. Siku hizi anapiga kila jioni, na nikishika tu: "Mama, neno la herufi tano, mwisho N." Hata habari hajasema! Sijui kama amekula. Sijui kama lile sweta nililomtumia linamtosha, na Kitale kuna baridi. Nikimpigia mimi, anashtuka: "Mama, nani amekufa?" Kwa hivyo nangoja apige, na akipiga naulizwa N.

2. Mimi niliacha shule darasa la nne, mwalimu akiwa bado kwa rangi za Kiingereza. Hiyo ya mwisho N nilimpa "green", tukapata. Siku nyingine nikampa "brown", tukapata tena. Sasa rangi zimeisha. Mtu akimaliza rangi anaenda wapi?

3. Hii ndiyo imeniuma. Juzi mlitaka neno lenye R tatu. Nikafikiria nikikamua ng'ombe, nikampa "rorry". Mary Ann alicheka mpaka akakosa pumzi, lakini akaituma hivyo hivyo. Mkaikataa! Mkaandika ati jibu ni "mirror". Bwana Mhariri, rorry ndiyo inabeba miwa yetu, inapita hapa mlangoni kila siku ikitujaza vumbi. Hiyo mirror inabeba nini? Naambiwa ati rorry inaanza na L. Huku kwetu L na R ni mtu na ndugu yake, ukiita mmoja, yeyote aliye karibu anaitika. Zifanyeni herufi moja, ama mtupe sisi watu wa Bungoma kibali.

4. Soko la Chwele limeharibika. Mary Ann aliniletea Z kwa simu siku ya soko, nikamuuliza Jelimo, huyo tunauza naye bega kwa bega, yeye viazi, mimi nyanya. Jelimo akauliza mteja. Mteja akaweka kikapu chini aanze kuhesabu vidole. Mtu wa bodaboda akazima pikipiki na abiria wake bado amekaa juu. Mhubiri mwenye spika akaacha kuhubiri, akatangaza "Nazareth", soko lote likapiga makofi. Kumbe hamtaki majina ya mahali. Yaani mahali Yesu alilelewa hapatoshi gazeti lenu? Mhubiri mpaka leo hanunui kwangu.

5. Hamid kinyozi, jirani yangu, ndiye hununua gazeti lenu na kunisaidia. Wiki jana aliacha kichwa cha mtu katikati atafute neno lenye X. Umeme nao ukapotea. Yule kijana alikuwa anaenda kwa wakwe kujitambulisha, akaenda amenyolewa upande mmoja. Wakimkataa, hiyo ndoa ni yenu.

6. Q. Hii herufi haiwezi kutoka nje bila kushikwa mkono na U. Ingekuwa mtoto wangu ningeipeleka hospitali. Nyinyi mnaitoa ovyo tu, mnasumbua watu.

Mkiendelea hivi, kinyozi hatanyoa, mhubiri hatahubiri, viazi havitauzwa, na nchi nzima itakaa njaa ikitafuta herufi. Huo ukurasa wekeni habari za mvua. Binti yangu akikosa herufi za kuniuliza, atakumbuka kuniuliza mgongo.

Nisalimie wote hapo ofisini, na anayechagua herufi, mwambie sina chuki naye. Msalimie pia mama yako, kama bado yuko. Mpigie leo, na uanze na habari.

Ni mimi mwenye kuumia,
Bilha, mama ya Mary Ann,
Kanduyi, Bungoma.

Ngoja kwanza, Bwana Mhariri. Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Hamid asome aone kama nimekosea. Akacheka, akanitolea simu yake, anionyeshe kitu alichofundishwa na mteja jana. Kumbe unaandika herufi tu, simu yenyewe inakumwagia maneno yote ya Kiingereza yaliyo nazo! Tuliweka R tatu, yakaja mengi hata sikuyamaliza kuangalia. Nikamuuliza kama simu ya Mary Ann inaweza hivyo. Akasema, "Mama, ya Mary Ann inashinda hii yangu mbali sana."

Sasa mtu mwenye simu kama hiyo, alikuwa anamuulizia nini mwanamke wa darasa la nne?

Basi mchezo msiufunge. L na R ziacheni mbili vile zilivyo, tuendelee kukosea. Na kama herufi za kesho hamjachagua, naomba Q na Z pamoja. Hizo zitatuchukua jioni nzima.