Nusu Saa ya Naitrojeni

Jumatatu, 3 Machi
Miaka tisa nimeosha chupa za maabara hii. Leo Profesa kanipa meza. Wiki moja tu, kasema, nitengeneze jeli ya polima inayojua joto: ikiwa baridi ing'ae kama maji, ikifika nyuzi thelathini na mbili igeuke nyeupe na kunywea. Ijumaa tunaonyesha. Nikishindwa, narudi kwenye sinki. Mama watoto kalipiga pasi koti langu mara mbili.

Mpinzani wangu ni jirani wa meza. Nimembatiza Dada Barafu kwa sababu ya beseni lake la barafu. Anapuliza naitrojeni chupani nusu saa nzima kufukuza oksijeni, eti oksijeni inaua mmenyuko. Nusu saa! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nimeiruka hiyo hatua. Nimechanganya, nimefunika, nimengoja hadi saa kumi. Bado ni maji.

Jumanne, 4 Machi
Basi, dawa ya moto ni moto. Nimetia unga wa kuanzishia mmenyuko mara tatu ya kipimo, tena katika maji ya moto. Chupa ikapanda joto hata haishikiki. Nimepata uji mweupe wenye mabonge. Dada Barafu kachungulia, kanieleza kwa upole kwamba jeli ikizaliwa kwenye joto hunywea kabla haijaungana vizuri, ndiyo maana yeye hutumia barafu. Nikamwambia najua, nilikuwa napima kitu. Akanimegea nusu ya mkate wake. Nimeula kwa kinyongo. Ulikuwa mtamu.

Jumatano, 5 Machi
Kama barafu ni nzuri, friza ni bora zaidi. Nimeifungia chupa humo tangu asubuhi. Kimetoka kitu kama sponji ya kuogea. Nimekibana, kikatema maji.

Nyumbani mama watoto kauliza kazi inakwendaje. Nimesema inatoa matokeo. Kafurahi, kampigia mama yake simu. Sasa mama mkwe naye anangoja Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Sina jeli. Nina ule uji wa Jumanne. Profesa anataka kila chupa izungushiwe karatasi ya alumini isiyoonyesha ndani, ibandikwe jina, ilale kwenye friji. Nimeufunga uji wangu, nikamwacha Dada Barafu akipanga vyake. Alipotoka tu nikaingia. Nimebandua lebo zetu mbili, nimezibadilisha. Sikufungua kuangalia, mwizi hakagui mzigo mlangoni. Nilijisikia vibaya mpaka getini.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa kaifungua chupa yenye jina langu. Uji. Wangu kabisa, hata lile bonge kubwa nimelitambua. Kisha ya Dada Barafu: jeli angavu. Kwenye maji ya uvuguvugu ikawa nyeupe, kwenye barafu ikang'aa tena. Aliyekodoa macho kuliko wote ni Dada Barafu mwenyewe.

Alinifuata kwenye sinki, nilikokwisha kuvaa aproni yangu ya zamani. Kumbe jana alinionea huruma. Alibadilisha lebo kabla yangu, jeli yake akaipa jina langu, na yeye alikuwa tayari kuomba wiki nyingine. Mimi nikaja nyuma nikazirudisha. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nimemwambia yote, machozi yakanitoka. Akacheka hadi akashika ukuta, kisha akaenda kwa Profesa kuniombea siku moja zaidi. Nampenda kama dada wa tumbo moja. Nimeapa: kuanzia sasa ni hatua kwa hatua.

Jumatatu, 10 Machi
Nafasi ya mwisho. Dada Barafu kaniletea beseni lake. Tumepima unga pamoja. Kafungulia naitrojeni, kasema nusu saa kamili, nisiguse kitu, akaenda kuchukua chai yetu.

Nimekaa. Mapovu yanapanda. Nimekunja mikono, nimeikunjua. Dakika ya tisa sasa. Namheshimu sana dada yangu huyu, lakini oksijeni yote imeshatoka, hata kipofu angeona. Nimefunga gesi, nimetia unga. Atakaporudi na chai atakuta jeli imeshakuwa tayari. Nataka niione tu hiyo furaha yake.