Kanzu Arubaini za Mfungo Mosi

Jumapili, mwezi mosi Ramadhani
Mafundi wa Ng'ambo nzima hapa mjini wanakimbizana na vitambaa vya Sikukuu. Mimi? Nimekaa barazani nawatazama! Kanzu arubaini za watoto nshazishona tangu Mfungo Mosi wa mwaka jana, Ramadhani ilipokwisha tu. Kila mtoto wa mtaa nilimpima mwenyewe. Fundi mmoja wa Maskati aliwahi kuniita nikamfundishe kazi. Sikwenda, nilikuwa na mafua.
Mke wangu Biasha kaapa: kanzu nilizomjazia kabatini zikiwa hazijatoka zote siku ya Sikukuu, cherehani itahamia shamba Chwaka, kwa kaka yake, Wakil. Na mimi nyuma yake.

Jumanne, mwezi 10
Mwanapili wa mtaani kamleta mwanawe Pandu ajaribu kanzu yake. Kanzu imemkomea magotini! Ajabu. Labda kitambaa kimerudi, kimepungua kwa maji? Nimerowesha kipande, nikakipima: vilevile. Mwanapili akasema mtoto ndiye aliyekua. Nikamwambia basi kafanya haraka.

Alhamisi, mwezi 12
Wengine saba, magotini. Nimeanza utafiti, nachora mistari ukutani. Mbona miguu inakua kuliko shingo? Nimemuuliza mpaka daktari wa ng'ombe. Hajui.
Jirani yangu Bi Sichana, fundi naye, kacheka mpaka kashika mlango. Yeye kanzu zake kaziunga mabega tu. Pindo haligusi mpaka mtoto asimame mbele yake. Nikamwambia huo uvivu. Akaniuliza, "Na kabati linasemaje, Mzee Mbarouk?"

Jumatano, mwezi 25
Akili hiyo! Kanzu ya mkubwa nampa mdogo wake. Zimetoka tisa. Kisha mama zao wakanieleza kuwa wadogo tayari wanavaa za kaka zao za mwaka jana. Kumbe! Na wakubwa wako foleni kwa Bi Sichana.

Jumatatu, Sikukuu Mosi
Zimebaki thelathini na moja. Biasha kahesabu mara mbili. Wakil kaja na pikapu.

Jumatano, Sikukuu Tatu, Chwaka
Nimegundua kosa! Nilimshonea mtoto aliyekuwepo, si mtoto anayekuja. Leo nimepima watoto wote wa Chwaka, kila mmoja nikamzidishia shubiri mbili. Kichanga cha Wakil kina wiki tatu. Kanzu yake nshaikata, itaburura chini akisimama, au itamfika miguuni akishaingia skuli, tutaona. Sikukuu ijayo watanikuta barazani!
Kabati la mke wa Wakil ni kubwa kuliko la Biasha. Nimelipima.