Nafasi Moja ya India

Jumatatu, 6 Septemba 1971

Siku yangu imefika! Mkuu wa Chuo, Bwana Nzomo, kaniita ofisini. Nikadhani ni habari ya ile spana iliyopotea. Kumbe sivyo. Kasema chuo chetu cha uhandisi kimemaliza mwaka mwingine wa kazi, ripoti lazima iandikwe, na kati ya watumishi wote mwandiko unaosomeka ni wangu. Mwandiko tu? Sikubishana. Mkubwa hakupi sifa zote siku moja.

Bado kuna kubwa zaidi. Ijumaa ya tarehe kumi na saba anakuja Profesa Pranlal, kutoka chuo cha serikali kule India kilichotupatia mashine zetu. Atapokea ripoti, atatazama karakana, kisha atachagua mtumishi mmoja akasomee kule mwaka mzima. Mmoja! Akirudi anapewa usimamizi wa karakana.

Mimi karani wa stoo mwaka wa sita huu. Natoa spana, napokea spana. Mtoto wa Mombasa, niliyehitimu madrasa wa pili kati ya wanne! Nikikaa stoo mwaka mwingine nitaota kutu pamoja na misumari. Nafasi hiyo ni yangu. Chanda chema huvikwa pete.

Nyumbani nimemweleza Saleha, mke wangu. Akauliza kama Gerishon naye anaitaka. Gerishon! Fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Hasemi, hacheki, anakereza tu tangu asubuhi mpaka jioni. Nani atampeleka ng'ambo mtu ambaye hata "habari za asubuhi" anaifikiria kwanza?

Jumatano, 8 Septemba

Nimezunguka idara zote kukusanya habari za mwaka. Wallahi, chuo hiki kimefanya mambo! Vijana thelathini na mmoja wamehitimu. Idara ya ujenzi imejenga daraja la miguu. Idara ya umeme imetia taa zahanati mbili. Na karakana imeunda pampu ya maji ya kwanza kutoka mikononi mwetu wenyewe, kila kipande, haikutoka ng'ambo hata skrubu. Iko Kinoo sasa. Nilipanda basi nikaenda kuiona. Mama mmoja alikuwa akijaza mtungi, akaniambia miaka yote alikuwa akishuka bondeni na kupanda na maji mgongoni. Nikajikuta machozi yananilengalenga. Nilimwambia pampu hiyo ni yetu. Nilisema kwa sauti, na walio mbali wasikie.

Ni Gerishon aliyekereza vyuma vyake vyote. Ukweli lazima uandikwe. Nimeandika: "Pampu iliundwa karakanani kwa spana zilizotolewa na Bwana Munir, karani wa stoo." Ni kweli au si kweli? Hapana uongo hapo hata nukta.

Alipokuja dirisha la stoo kutia sahihi ya spana, nilimuuliza anataka niandike nini juu yake. Alifikiri mpaka chai yangu ikapoa. Mwishowe akasema niandike kwamba mashine inahitaji mafuta. Basi nimeandika: "Fundi Gerishon anaomba mafuta." Kajitakia mwenyewe.

Ijumaa, 10 Septemba

Baada ya Jumaa msikiti wa Jamia nimekwenda Parklands, dukani kwa Mama Manjula, anayetuuzia bizari. Baba yake alikuwa seremala wa reli. Nikamuuliza ni kitu gani kinachomfurahisha profesa wa Kihindi. Akauliza anakuja lini. Nikamtajia tarehe. Akapiga makofi!

Kasema hiyo ndiyo siku ya Vishwakarma, ambaye kwao ni fundi wa mafundi wote. Siku hiyo vyombo vya kazi vinasafishwa, vinavikwa mashada ya maua, vinatiwa doa jekundu, na watu wanagawiwa vitu vitamu. Kisha vyombo vinapumzika. Nyundo haigongi, msumeno haukati, mashine haiwashwi. Baba yake hakugusa hata patasi siku hiyo mpaka kufa kwake.

Mimi Muislamu, siabudu nyundo. Lakini ua ni ua, na mgeni njoo mwenyeji apone. Maua, sawa. Vitu vitamu, sawa kabisa. Ila hapo pa kupumzika Mama Manjula, kwa heshima zote, kateleza. Mtu apande ndege kutoka India aje kutazama mashine zimelala? Za kwao hazilali? Hapana. Nitachanganya. Maua juu, mashine zinanguruma chini. Heshima na kazi, papo kwa papo! Nashangaa Wahindi wenyewe, watu wenye akili hivyo, hawajawahi kulifikiria hili.

Jumatatu, 13 Septemba

Kutafuta maua. Nimefika Kitisuru, kwenye nyumba moja kubwa ambako Lazarus, mtu wa kwetu mtaani, anatunza bustani. Maua ya manjano mpaka magotini! Wenye nyumba wamesafiri. Lazarus akakataa katakata. Akasema ua likikatwa bila ruhusa, kibarua chake nacho kimekatwa. Nikamwambia jina lake litaingia kwenye ripoti itakayosomwa India: "Mshauri wa Bustani wa Chuo."  Akauliza kama litakuwa kwa herufi kubwa. Nikasema zote kubwa. Akaenda kuleta gunia.

Matatizo ni Njambi, mpiga taipu wetu. Kanirudishia kurasa akifoka. Anasema stensili si ubao wa chaki, haifutwifutwi, na mimi kila siku naleta nyongeza. Akataka kujua jina langu linatafuta nini kwenye ukurasa wa mitaro ya maji machafu. Nikamweleza kwamba hiyo mitaro ilipimwa kwa kamba, na kamba ilitoka stoo. Akavuta pumzi ndefu, akachapa. Wanawake wa Nairobi hawana subira.

Alhamisi, 16 Septemba

Karakana imependeza! Mashine saba, kila moja shingoni ina shada. Nimeyaunganisha yote kwa uzi mmoja mrefu, kutoka mashine hadi mashine, mpaka kwenye sinia la laddu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo, alizozituma Mama Manjula. Mpango ni huu: swichi za mashine zote ziachwe zimewashwa, mimi nisimame kwenye swichi kuu ukutani. Profesa akiingia tu, navuta. Zote saba zinaamka pamoja!

Gerishon kaja kusimama mbele yangu. Akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Kwamba huwezi kuwasha mashine ina kitu kinaning'inia. Kwamba uzi unavuta. Kwamba fundi Mhindi aliyemfundisha kazi alimwambia kesho mashine inalala, na yeye yake hataiwasha. Nikamwambia wivu huo. Mwenye wivu ajinyonge. Akaondoka akitikisa kichwa. Alipotoka kwenda chakula nimemwashia swichi yake mwenyewe. Sitaki mashine sita, nataka saba.

Mama Manjula na Gerishon wamesema jambo lilelile. Basi? Watu wawili wakikosea pamoja bado wamekosea.

Saleha ameninyoshea kanzu ya harusi yangu, ile aliyonipa mama mkwe, Bi Mwanasiti, iliyotariziwa kifuani kwa mkono. Kesho ni Ijumaa, nitatoka chuoni moja kwa moja kwenda kuswali. Saleha akauliza kama karakanani watu hawavai ovaroli. Nikamjibu kwamba ovaroli ni ya wanaokereza. Mimi naendesha sherehe.

Ijumaa, 17 Septemba

Naandika nimevaa ovaroli ya Gerishon. Nitaeleza.

Saa nne kamili Profesa kafika. Mzee mdogo mdogo, miwani mikubwa, sauti ya chini. Alipofika mlangoni akaona maua, akasimama. Akavua viatu! Akaingia pekupeku, viganja amevikutanisha kifuani, macho yana maji. Bwana Nzomo naye akavua viatu, soksi moja ina tundu. Karakana nzima kimya. Nikasema moyoni: Munir, umeshafika India.

Hapo ningeacha. Nakiri, hapo palitosha. Lakini mkono ulikuwa tayari kwenye swichi.

Nikavuta.

Mashine saba kwa pamoja! Nguvu ya ajabu, sakafu inatetemeka, nikajisikia fahari mpaka nywele zikanisimama. Kisha mashine ya Gerishon ikashika shada lake. Ikalimeza. Ikaanza kuvuta uzi, na uzi ukavuta mashada mengine sita, na mashada yakavuta sinia. Laddu zikaruka! Moja imempata Bwana Nzomo kwenye paji la uso. Maua hewani kila mahali. Nikakimbia kuliokoa shada la mwisho, na mashine ikaona kanzu yangu.

Ilianza na pindo. Kanzu ikaenda, nami nikaifuata. Nikazunguka mara ya kwanza, nikazunguka mara ya pili, shahada nimeshaitoa. Ghafla mashine ikanyamaza. Gerishon alikuwa amesimama kando yake tangu asubuhi, mikono nyuma. Alibonyeza kitufe chekundu. Mtu alikuwa hajapiga hata ukelele.

Nikabaki nimesimama na fulana na kaptula ya ndani, na shingoni kola ya kanzu yenye tarizi, hiyo tu. Profesa akanikaribia, petali moja imemganda kwenye miwani. Akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Nikamkabidhi ripoti.

Gerishon akavua ovaroli yake akanifunika. Nimeswali Jumaa nayo, safu ya nyuma kabisa. Watu walinipisha kwa harufu ya mafuta. Saleha aliiona kola. Akaikunja vizuri, akaiweka kabatini, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nimshukuru Mungu imevunjika kanzu.

Jumatatu, 20 Septemba

Gerishon.

Bwana Nzomo katangaza mbele ya watu wote. Kasema Profesa alikuwa na maneno mafupi: mtu anayejua wakati wa kusimamisha mashine anaweza kufundishwa mengine yote. Watu wakapiga makofi. Njambi alipiga kwa nguvu zaidi.

Kubonyeza kitufe! Mimi nilikuwa njiani kukibonyeza! Nilikuwa naelekea huko huko, kwa kuzunguka.

Nimejifungia stoo. Nimelia kidogo nyuma ya masanduku ya bolti, si uongo. Miaka sita. Nilikwisha muahidi Saleha kumletea sari kutoka India aikate mapazia. Nilikwisha jiona nikishuka uwanja wa ndege wa Embakasi na sanduku jipya, watu wananiita Msimamizi.

Jioni Gerishon kaja dirishani. Nikadhani kaja kunicheka. Hakutaka spana. Akasema anaogopa. Kule hamjui mtu, na kuongea hajui, na mimi ndiye mtu anayejua kuongea kuliko wote chuoni. Akaomba nimfundishe namna ya kujieleza mbele ya wakubwa. Nikamfundisha saa nzima. Nilimwambia siri ni moja: usinyamaze hata kidogo. Akanishukuru. Ana adabu, lazima niseme, ingawa si mtu wa ng'ambo.

Bi Mwanasiti kaandika kutoka Mombasa. Anataka kuniona na ile kanzu sikukuu ya Idi.

Jumatatu, 5 Juni 1972

Alhamdulillahi! Haki haipotei!

Imefika ripoti ya mwaka ya chuo cha India. Kitabu kizima, jalada la buluu, kurasa sitini. Bwana Nzomo kaniita, kaniwekea mezani, kafungua ukurasa wa arobaini na tatu. Akakaa akiniangalia usoni, nadhani alitaka kuona furaha yangu.

Ukurasa mzima juu yangu! Kichwa cha habari ni usalama karakanani. Jina langu lipo, la Nairobi lipo, la stoo lipo. Kuna na mchoro! Mashine, maua, na mtu mwenye kanzu anazunguka, mishale inaonyesha anakwenda upande gani. Na chini imeandikwa kwamba tangu sasa kila mwanafunzi mpya, kabla hajaruhusiwa kugusa mashine yoyote, lazima kwanza asome kisa cha Bwana Munir na kukisema kwa moyo. Wanafunzi mia tatu! Kila mwaka! Kuna mshairi gani wa pwani anayehifadhiwa hivyo?

Gerishon naye yumo. Mstari mmoja, ukurasa wa hamsini na nane. Ati ameunda pampu bora kuliko ile ya Kinoo na amepewa zawadi. Vizuri, vizuri. Lakini hana mchoro.

Nimeomba nakala tano. Bwana Nzomo kanipa moja, huku ameshika kichwa. Nimempelekea Bi Mwanasiti, nimemwekea alama kwenye mchoro, aone kanzu yake ilivyotukuka. Saleha kasoma ukurasa wote, akanitazama, akaenda jikoni. Nimesikia akicheka, au akilia. Kwa mke wangu fahari hutoka hivyo.

Na habari ni mbili. Profesa Pranlal anarudi Septemba, tarehe ileile, kuchagua mtu wa pili. Safari hii sikurupuki. Nimekaa jioni nzima nikitafakari kwa makini kosa la mwaka jana lilikuwa wapi, na nimeligundua. Ulikuwa uzi. Uzi mwembamba, ndiyo maana maua yalifumuka ovyo.

Mara hii nafunga kwa waya.